Hatua ya Bibi na Ngazi za Dhahabu

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya likizo ya mwezi wa sita, saa nne asubuhi. Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya tatu kati ya nane nilizomjengea, hapandi wala hashuki, na watu wazima wawili walikuwa wakinitazama mimi.

Nitakuita mwanangu, usinune. Mimi niko kidato cha nne, wewe umeingia cha kwanza mwaka huu na shati lako bado lina mikunjo ya dukani. Miaka mitatu si mingi nje ya geti, lakini ndani ya geti inatosha mtu kuwa babu. Kaa hapo nikusimulie. Zamu ya kufagia bwalo itakungoja, haijawahi kumkimbia mtu.

Yote yalianza na simu. Nilikutana na video moja kuhusu uwiano wa dhahabu. Chukua mstatili, kata ndani yake mraba, uutoe. Kipande kinachobaki kikiwa na umbo lilelile la mstatili wa mwanzo, ila dogo, basi mstatili wako ni wa dhahabu. Ukigawanya urefu wake kwa upana unapata moja nukta sita moja nane, na tarakimu nyingine zinazoendelea bila kukoma. Ndiyo hivyo tu. Hesabu yenyewe ni safi, wala siitukani. Chukua nanasi la kwetu mlimani, uhesabu mistari ya macho yake inavyozunguka upande huu na upande ule. Mara nyingi utapata nane na kumi na tatu, na kumi na tatu ukigawanya kwa nane unafika jirani kabisa na namba hiyo. Nanasi halijakanyaga darasa, lakini limepata.

Kwa hiyo namba haikuwa na kosa. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Wiki mbili nzima nilitembea na rula mfukoni. Nilipima dawati, nikapima mlango wa bweni, nikampima uso rafiki yangu akiwa usingizini, akaamka na alama ya wino puani. Video ilidai kwamba majengo yote mazuri ya dunia yamejengwa kwa namba hiyo moja. Leo najua kwamba ukichora mstari mnene wa kutosha juu ya picha, hata banda la kuku lina dhahabu. Wakati ule sikujua. Nilijiona mhandisi niliyecheleweshwa tu na mitihani.

Sasa Bibi. Bibi yangu mzaa mama anakaa mlimani, juu ya Kilakala, ukishapita nyumba za mwisho na njia ikawa ya miguu tu. Nyumba yake iko juu kidogo, na jiko lake liko chini, pale mteremko unapopumzika kabla ya kuendelea kuporomoka. Kati ya nyumba na jiko palikuwa na njia ya udongo mwekundu. Masika iliyopita aliteleza hapo, goti la kulia likaumia, na tangu siku hiyo jiko lake alikuwa akiliona dirishani tu. Jirani ndiye aliyekuwa akimpikia. Bibi alikula, akashukuru, akasema chumvi ni kidogo, kila siku.

Mjomba, kaka yake mama, anakaa mtaa wa Mafiga, mjini. Yeye aliona jambo hili lina jibu moja: mama ashuke mjini, akae naye, kuna chumba na bomba liko ndani. Bibi hakutaka. Kiwanja kile alikirithi kwa mama yake, naye mama yake kwa mama yake, ndivyo ardhi inavyokwenda kwetu Waluguru. Alimjibu Mjomba akicheka, lakini mimi niliyemjua niliona hacheki.

"Mimi mafiga yangu matatu yako jikoni pale, baba. Hayo ya kwako ya mjini yapikieni wenyewe."

"Mafiga ya jikoni utayafikiaje, mama, na goti hilo?"

"Nijengeeni ngazi."

Mjomba akafikiri, akasema haya. Zijengwe ngazi. Akiweza kushuka jikoni na kupanda kurudi mwenyewe bila kushikwa na mtu, anabaki. Asipoweza, siku hiyohiyo wanashuka wote Mafiga. Bibi akakubali. Hiyo ndiyo ilikuwa kesi, mwanangu, na ushahidi wake ulikuwa ngazi.

Kazi akapewa Fundi Mkude, mtu mfupi, mpole, mwenye penseli sikioni ambayo sijawahi kumwona akiandikia. Mimi nikawa saidia fundi. Siku ya kwanza alipima mteremko, akakuta kutoka jikoni hadi kizingiti cha nyumba ni sentimita mia moja arobaini na nne kwenda juu. Kisha akaniambia neno moja tu kabla ya kuondoka kwenda kwenye kazi yake nyingine.

"Nipimie hatua ya Bibi yako. Na uniangalizie anainua mguu mpaka wapi. Kesho uniletee."

Nikaitikia ndiyo, fundi. Moyoni nikacheka. Hatua ya Bibi! Mtu ana simu yenye intaneti halafu akampime ajuza anavyotembea? Nilikaa kitandani nikapiga hesabu: kimo cha kila ngazi sentimita kumi na nane, mara moja nukta sita moja nane, upana wa kukanyagia ishirini na tisa. Mia moja arobaini na nne gawanya kwa kumi na nane, ngazi nane kamili, hakuna baki. Uliwahi kuona hesabu tamu namna hiyo? Nikazijaribu mwenyewe kwa matofali nyuma ya nyumba, zikanikubali mguu kama kiatu. Na Bibi alikuwa amekaa mlangoni, mita kumi toka nilipokuwa, akichambua mchicha. Sikumwita.

Asubuhi Fundi Mkude akauliza, "Umempima?"

Nikasema, "Nimempima. Kimo kumi na nane, upana ishirini na tisa."

Akaniangalia kidogo. "Bibi yako bado ana nguvu, kumbe."

"Sana tu, fundi."

Huo ndio uongo wangu, nauweka hapa mbele yako bila kuupaka rangi. Tulijenga siku nne, mawe chini, matofali juu, saruji ikafunika. Zilipendeza. Nilizipiga picha, nikachora mistari ya dhahabu juu yake, nikawatumia wenzangu wa darasani. Mmoja akajibu kwamba hizo si ngazi, ni thibitisho. Nililala nimevimba kichwa.

Jumapili ikafika. Mjomba alikuja mapema, gari akaliacha chini barabarani. Kiti cha mbele alikuwa ametandika mto, niliambiwa baadaye, kwa ajili ya goti la mama yake. Fundi Mkude naye akaja kuona kazi yake. Bibi akavaa kanga mpya, akashuka. Kushuka alishuka, kwa kujivuta, mkono kwenye ukingo wa udongo. Akaingia jikoni, akagusa mafiga yake moja moja kama anayesalimia wajukuu. Akatoka, akaanza kupanda.

Ngazi ya kwanza alipanda. Ya pili alipanda akapumzika. Ya tatu aliinua mguu wa kulia, ukafika katikati, ukarudi. Akainua tena, ukarudi. Akageuka taratibu, akakaa palepale, akafunika magoti kwa kanga.

Sasa, kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi kwa Bibi ni mume wake tangu nilipozaliwa, na mke hamkaripii mumewe, anamtania. Kwa hiyo Bibi hakunigombeza. Alinitazama mimi, akamwambia Fundi kwa sauti ya kila mtu kusikia:

"Fundi, hizi ngazi mume wangu amemjengea mke mwenzangu. Kijana, ana miguu mirefu. Mwambie amlete basi nimwone, maana mimi zimenikataa."

Hakucheka mtu. Mjomba akashusha pumzi, akasema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza, "Basi mama. Tumejaribu. Nikuletee sanduku?"

Bibi alikuwa akitazama jiko.

Hapo nikasema. Sijui nilipata wapi mdomo. "Mjomba, sikumpima. Fundi aliniambia nikampime, nikamdanganya. Namba niliitoa kwenye simu."

Fundi Mkude akachomoa ile penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Namba gani hiyo?"

Nikamweleza mstatili, mraba, nanasi, kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini kuliko nilivyostahili.

"Nzuri," akasema. "Sasa hiyo namba inajua Bibi yako ana goti?"

"Haijui."

"Inajua kama ngazi ni ya mtu au ya kuku?"

"Haijui, fundi. Inajua kimoja ukilinganisha na kingine. Ukubwa haiujui."

"Basi iulize kitu kingine, ngazi usiiulize. Sisi tunahesabu hivi: kimo mara mbili, ongeza upana wa kukanyagia, upate hatua moja ya anayepanda. Ya anayepanda, umesikia? Si ya anayejenga." Kisha akamgeukia Mjomba. "Kaka, kosa ni langu pia. Aliponiletea kumi na nane nilishtuka, nikanyamaza. Nipe mpaka Jumapili ijayo. Kuzivunja, atavunja huyu."

Mjomba akamtazama mama yake pale alipokaa. Halafu akasema, "Jumapili. Lakini sharti ni lilelile. Akishindwa, tunashuka." Akamshika mama yake mkono, akampandisha mpaka mlangoni.

Jumatatu nilimwomba Bibi anipe hatua yake. Nilimwaga maji kidogo uani nilipokwisha fagia, yeye akapita juu ya udongo laini, nami nikapima alama, kisigino hadi kisigino. Sentimita hamsini na nne. Yangu ilikuwa sabini na kitu. Kisha nikampangia vitabu vyangu sakafuni apandishe mguu, kimoja juu ya kimoja. Alipanda vizuri mpaka kwenye sentimita kumi na mbili. Nilipoongeza kitabu cha hisabati mguu ukakataa.

"Unaona, mume wangu," akasema, "hata mimi hisabati inanishinda."

Kumi na mbili mara mbili, ishirini na nne. Hamsini na nne toa ishirini na nne, thelathini. Mia moja arobaini na nne gawanya kwa kumi na mbili, ngazi kumi na mbili, napo hakuna baki. Kwa ujeuri tu nikapiga na ile namba yangu: kimo kumi na mbili kingetaka upana wa sentimita kumi na tisa na kidogo. Mguu wa Bibi una ishirini na tatu. Kisigino chake kingekuwa kinaning'inia hewani kwa jina la dhahabu.

Nilivunja ngazi nane kwa nyundo, peke yangu, mikono ikatoka malengelenge. Ngazi mpya zilihitaji nafasi ndefu zaidi, hivyo tukazipindisha kona kuukwepa mgomba, na Fundi akaweka mwanzi wa kushikia kwa urefu wa kiuno cha Bibi. Huo nao nilimpima. Ukiziona hutapiga picha. Zimelala, zimejikunja, zinafanana na mtu anayesinzia.

Jumapili Mjomba akaja. Bibi akashuka peke yake, akawasha moto, akapika magimbi tukiwa tumekaa uani. Kisha tukamwona anapanda, mkono mmoja kwenye mwanzi, mwingine umeshika mwiko. Moja. Mbili. Tatu, akapita bila kusimama. Kwenye kona akapumzika, akautazama mgomba kama mtu mwenye nafasi, akaendelea. Kumi na mbili. Akasimama kizingitini, akamnyooshea Mjomba mwiko.

"Sufuria kaibebe wewe, mwenye gari."

Mjomba akashuka kuichukua. Ni mtu mrefu, na ngazi zile hazikumtambua kabisa. Moja ilikuwa fupi kwake, mbili zilikuwa nyingi, akapanda na sufuria ya moto anadunda kama ngoma, Bibi akamchekea mpaka akashika mlango. Hakuna aliyetaja sanduku tena. Mpaka leo ukija kwetu utatembea kwa hatua ya Bibi, uwe mrefu, uwe na haraka, uwe mkuu wa wilaya.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Penda namba. Penda hata ile ya dhahabu, ni nzuri na haiulizwi kwenye mitihani, kwa hiyo utaipenda bila kulazimishwa. Lakini kabla hujamjengea mtu ngazi, kiti, mlango au maisha yake, nenda ukampime yeye, hasa akiwa amekaa mita kumi tu kutoka kwako anachambua mchicha. Na ukiulizwa kama umempima na hujampima, sema hujampima, siku hiyohiyo, kabla saruji haijakauka.

Mungu akupe magoti mazima mpaka uchoke nayo. Na siku yatakapokukataa, akupe mjukuu mwenye futi, asiye na haraka, atakayekumwagia maji uani na kukuambia, "Pita hapa, nikupime." Haya, sasa nenda kafagie bwalo.