Yule dada wa televisheni, na swali juu ya nguo

Leo nimesema kitu chenye sikusemaka hata kwa mama yangu. Na sijuti.

Mnajua atelier yangu ya kushona hapa kambini Dzaleka, Malawi, bantu banakujaka kuangalia televisheni. Mchana, katika habari, akaonekana mtangazaji mmoja mwanamke. Anasema mheshimiwa mmoja alimushika kwa nguvu, akamubaka, ofisini, miaka mingi imepita.

Banaume bakacheka.

Shemasi wetu, mwenye alikuja kupimwa suti, akasema: «Kama ni kweli, mbona alinyamaza? Na siku ile alivaa nini?»

Nikasimamisha mashine.

«Papa Shemasi, mi nilivaa kitenge mpaka chini.»

«Siku gani, Mama Furaha?»

«Siku tulikimbia vita ya Bukavu. Kamanda wa barrière, kizuizi cha barabarani, njo alinishika kwa nguvu. Nilinyamaza mpaka leo sababu ya maswali kama yako.»

  

Nyuma yangu, Mama Espérance wa Fizi, mwenye kunipigiaka pasi, akasema polepole: «Na mi pia. Nilikuwa natoka shambani.»

Sikujua! Miaka yote tunafanya kazi pamoja, sikujua.

Shemasi akainamisha kichwa. «Bamama, tuombe...»

«Tutaomba,» nikamwambia. «Kwanza waambie hawa baache kucheka.»

Akageuka. Akawaambia banaume: «Muache kucheka.»

Banaume wawili wakatoka. Wengine wakabaki.

Mama Espérance akaongeza sauti ya televisheni, na tukamusikiliza yule dada mpaka akamaliza.

We mwenye kusoma, kama ungali na swali juu ya nguo, liandike hapa chini. Na jina lako.