Daktari wa kampuni ameniamini

Leo nimemdanganya daktari, na shida ni kwamba ameniamini.

Mimi hubeba magunia ya kahawa kwa stoo, huku Gakindu. Mgongo unaniuma tangu msimu uanze. Jana msimamizi akaniambia, "Mama Njeri, kesho enda Nyeri uonwe na daktari wa kampuni."

Jirani yangu akasema ati hivyo ndivyo watu hufutwa kazi.

Basi leo nikameza dawa ya maumivu, nikavaa nguo ya kanisa, nikaenda.

"Mgongo unauma?" daktari akauliza.

"Hata kidogo."

"Hebu inama."

Nikainama mpaka nikagusa viatu. Nikainuka nikitabasamu! Vile nilisikia huko ndani, Mungu ndiye anajua.

Daktari akashangaa. "Msimamizi wako aliomba tukupe kazi ya kukaa, ya kuchagua kahawa. Lakini naona uko sawa. Rudi tu kwa magunia."

Nikasema asante. Ningesema nini?

Sasa nimelala kwa tumbo, mzee wangu ananikanda na maji moto. Hata hajanicheka.

Niambieni, mtu anaweza kurudi kwa daktari aseme mgongo ulianza kuuma akifika kwa mlango?