Barua ya Onyo Iliyomngoja Mjomba

Tulikuwa watano. Mimi, kifungua mimba wangu, aliyetoka kazini Industrial Area na ovaroli yake bado mwilini, mke wake, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu, niliyemlea hapa mtaa wa Tena tangu akinyonya, na jirani wa mlango wa pili tunayeimba naye kanisani, ambaye hakualikwa na hakuondoka. Majina yao yote ninayo, hata ya ubatizo. Siyaandiki.

Kwetu barua ya aibu haijibiwi na mwanamke. Inawekwa juu ya kabati mpaka mwanamume wa familia aje. Ile ya chuo ilikaa pale wiki tatu, maana mwanangu alikuwa na zamu hata Jumapili. Mjukuu wangu alinikumbusha mara mbili.

"Shosho, hiyo barua ina siku ya mwisho."

"Nyamaza. Mjomba wako atakuja."

Alipokuja alimsimamisha katikati ya sebule, akamrushia barua. "Soma. Kwa Kiswahili, mama asikie."

Akasoma. Kwamba alama zake zimekuwa chini ya kiwango mihula miwili mfululizo. Kwamba kuanzia sasa yuko chini ya onyo.

"Rudia hapo pa kiwango," mke wa mwanangu akasema. "Polepole, msomi. Wengine tuliachia darasa la saba, hatushiki haraka."

Jirani alicheka hadi chai ikamwagika kwenye leso yake.

"Hiyo miezi yote ulikuwa unafanya nini?" mwanangu akauliza. "Kupaka kucha rangi?"

Msichana akanitazama. Miezi hiyo mimi nilikuwa nimevunjika nyonga. Yeye ndiye aliyeniinua, akaniosha, akanipeleka kliniki siku za mitihani. Mwanangu akipiga simu nilimwambia nimepona, najifanyia kila kitu, nisije nikahamishiwa kwa mke wake. Jirani alijua. Akatazama ndani ya kikombe.

"Jibu, wewe!"

"Alama ni zangu, Anko."

"Maliza kusoma."

Sauti ikampungua. Barua ilimtaka aende na mlezi wake kwa mkuu wa idara ndani ya siku kumi na nne, apunguziwe masomo ili aendelee. Wasipofika, atahesabiwa ameacha chuo mwenyewe.

Mwanangu akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Kisha akanigeukia. "Mama, ulijua kuna siku?"

Mke wake alikuwa ananiangalia, tayari kabisa kucheka.

"Huyu mtoto hakuniambia kitu," nikasema.

Mwanangu akaikunja barua ikawa ndogo kama tikiti ya basi. "Basi yamekwisha. Kesho alfajiri utakuwa kwenye geti la kiwanda na wale kina mama wa kibarua. Ukichaguliwa, ingia. Usipochaguliwa, rudi kesho yake."

"Sawa, Anko."

Huu ni mwaka wa pili anapakia sabuni. Vidole vyake vimechubuka, na jioni bado ananiosha kwa vidole hivyo hivyo. Hajawahi kuitaja siku ile.

Kama kuna mmoja wa wale wanne anayekumbuka kwamba kabla hatujatawanyika nilifungua mdomo nikasema ukweli, tafadhali anisahihishe. Mimi ninachokumbuka ni kwamba niliomba niongezewe sukari.