Nilivyokwenda Mwanza Kumrudisha Kabula

Kaka yangu Masanja alisikia kwa watu kwamba binti yake Kabula, ambaye sote tulidhani anauza nguo dukani huko Mwanza, kumbe anafanya kazi baa. Siku hiyo hakugusa chakula. "Wewe ndiye shangazi yake," akaniambia. "Nenda ukaone kwa macho yako. Kama ni kweli, rudi naye." Nikafunika cherehani yangu, nikafunga mfuko wa michembe, viazi vyetu vikavu anavyovipenda Kabula. Nisiwafiche: hasira nilikuwa nayo, lakini hamu ya kuona ilinizidi. Tangu nizaliwe sikuwa nimeingia baa ya mjini, tena ya kucheza muziki.

Saa tisa alasiri nilipanda kivuko Kamanga kwenda Mwanza. Nilikaa na mama mmoja muuza vitenge, nikamuuliza kama anaifahamu baa ya ufukweni tuliyoambiwa, upande wa Pasiansi.

"Ile yenye minazi?"

"Minazi, Mwanza hii?"

"Nenda tu, utaiona mwenyewe," akasema, akacheka sana.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa mlangoni. Minazi ilikuwepo kweli, minne, mirefu kuliko paa. Nikaukwaruza mmoja kwa ukucha: plastiki tupu! Kasuku nao wa plastiki, na wahudumu wote wamevaa mashati ya maua makubwa. Ziwa lenyewe liko hatua ishirini tu, lakini watu wameligeuzia mgongo, wanatazama bahari iliyochorwa ukutani. Jamani! Nikasema kweli tembea uone.

Kabula alikuwa nyuma ya kaunta, anatikisa kopo la chuma lenye kifuniko. Aliponiona akasita. Kisha akaliweka chini, akazunguka kaunta, akapiga goti mbele ya wateja wote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako amenituma nikuchukue."

Machozi yakamlenga. "Nisameheni kwa kuwaficha. Lakini kaa kwanza, shangazi, uone ninachofanya. Ukishaona utaamua."

Nikapewa kiti kirefu ambacho kukipanda tu ni kazi. Nikauliza kila kitu. Majani haya? Mnanaa. Mwavuli huu wa karatasi unazuia mvua gani? Pambo tu, shangazi. Aliniambia alianza kwa kuosha glasi miezi sita, akiiba kwa macho ujuzi wa kuchanganya vinywaji, na sasa wateja wanamwita kwa jina. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Mimi fundi wa nguo, mkono uliozoea kazi naujua. Huko nyuma yangu vijana walikuwa wanacheza, kila mmoja na mtindo wake. Kwetu ngoma ina pande mbili zinazoshindana, mshindi anajulikana. Hawa wanashindana na nani? Kabula akasema hawashindani, wanafurahi tu. Nikawatazama tena, nikaona ni kweli.

Kama saa mbili hivi akanitengenezea kinywaji alichokibuni mwenyewe: nanasi, tangawizi, ndimu, na kileo kidogo, maana mimi si mtoto. Akakisukuma mbele yangu. Nikakirudisha.

"Onja kwanza."

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni apokee. Asiyeonja ana lake moyoni. Kabula akanitazama, akatazama pembeni, akapiga funda moja. Sikujua anamwangalia nani.

Meneja alikuwa ameshafika, kijana mwenye shati la maua kama wengine. "Kabula, unakunywa cha mteja? Sheria unaijua. Vua shati uende."

Hapo ndipo mngetarajia nifurahi, si ndiyo? Nilichofuata kilikuwa kinakuja mkononi bila jasho. Lakini nilimwona mtoto anaanza kufungua kifungo cha juu bila kunitaja, nikashuka kwenye kile kiti kirefu nusura nianguke.

"Baba, kosa ni langu! Nimemlazimisha mimi. Angekataa, kwetu angekuwa amenitukana." Nikamweleza desturi yetu neno kwa neno. "Mtoto huyu hajui kumdharau mtu mzima. Ukimfukuza kwa hilo, unamfukuza kwa adabu yake. Nakuomba, mwache na kazi yake."

Meneja akakuna kichwa. "Bibi yangu kule Ukerewe naye alikuwa hivyo hivyo," akasema. "Haya, Kabula, funga kifungo. Siku nyingine chota kwa kijiko, uonjee pembeni."

Basi nikanywa. Kitamu, kinachoma kooni kidogo.

Alfajiri, baada ya kulala chumbani kwa Kabula huko Mkuyuni, nilivuka peke yangu. Kivukoni nilijilaumu sana. Nilikwenda kukagua adabu ya mtu kazini kwake, wakati mimi mwenyewe nimeingia bila kuuliza utaratibu wa mwenyeji. Ukienda ugenini, uliza kwanza. Hilo nimelilipia kwa aibu.

Nyumbani, kaka alikuwa amesimama uani.

"Nilikutuma ukamlete."

"Ulinituma. Nikafika, nikamponza nusura afukuzwe, nikamwombea abaki. Kazi yake ni halali, na anaijua. Ukitaka kugomba, nigombeze mimi."

Kaka akakaa kwenye kigoda, akaniashiria nami nikae. Kisha akauliza kama Kabula anakula vizuri.