Wimbo wa Mezani Ulipofika Handeni

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye bendi nilifika kabla ya mwenye ukumbi wa mazoezi. Nilikaa kwenye ngazi pale Old Korogwe nikitazama ukungu ukipanda kutoka mto Pangani, vidole vyangu vikipiga kinanda kisichokuwepo juu ya magoti. Nilijifundisha mwenyewe nyumbani Magoma, kwa kusikiliza simu na kurudia. Sikuwa na mwalimu wala cheti, kwa hiyo kila nota iliyoniponyoka niliiona kama ushahidi dhidi yangu.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Mhina, mpiga besi. Alilikumbatia besi lake kubwa la kusimama kama mtu anayemsaidia mgonjwa kutembea. Ujana wake ulipita kwenye bendi ya shamba la mkonge.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekula?"

"Bado."

"Basi usiguse kinanda. Njaa inaharakisha mkono."

Tulikuwa watatu tu: mimi, Mzee Mhina, na mpiga dramu tuliyemwita Kiongozi, kwa sababu ndiye aliyetafuta kazi na kupanga nyimbo. Tulijiita watu wa jazi, na mama muuza chapati wa jirani hakutuelewa kabisa. "Jazi gani haina magitaa wala mwimbaji?" alituuliza. "Nyie mmekimbiwa na wenzenu."

Nilikuwa nimeshazoea kazi wakati Kiongozi alipoleta karatasi za mtunzi mmoja Myahudi, mzee anayeishi ng'ambo. Alikuwa ametunga kutokana na nyimbo za sala za utotoni mwake. Hazina maneno, alitueleza Kiongozi. Watu huziimba wakiwa wamezunguka meza, wakirudia na kurudia hadi moyo utulie. Mtunzi alikuwa amemwambia kwa simu: pigeni wimbo mmoja mbele ya watu, mnirekodie. Nikiutambua, nitawaruhusu kuutoa. Nisipoutambua, uacheni.

Usingizi ukaniisha tangu hapo. Niliitaka ruhusa ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, maana niliamini ingekuwa ndiyo cheti changu.

Skeli ya wimbo tuliouchagua, yaani ngazi ya sauti zake, ina hatua moja pana kuliko kawaida, kama mtu anayevuka mfereji. Nilihangaika nayo siku nzima. Mzee Mhina aliisikia mara moja, akafumba macho. "Hii naijua," alisema. "Tuliivuka hivihivi kwenye kaswida, madrasa." Akaivuka kwa besi, taratibu, na chumba chote kikawa kama kimeingia maji ya uvuguvugu.

Mimi nilihesabu. Wimbo mara tatu, kisha kuchepuka, ndiyo kusema mpigaji mmoja anaiacha njia ya wimbo, anazurura, halafu anarudi. Niliupanga hata huo uzururaji wangu, nota kwa nota.

"Binti," Kiongozi alisema, "unapiga kama unayekaguliwa tiketi."

Tulipiga Handeni, kwenye ukumbi wa kijiji, alasiri, madirisha yakiwa wazi. Wakulima walikaa mbele na kofia zao. Wafugaji waliegemeza fimbo ukutani, wakasimama nyuma na shuka zao. Vumbi lilielea kwenye mwanga. Kiongozi aliwasha simu yake irekodi, akachukua brashi, zile fagio ndogo za waya, akawa anaisugua ngoma tu, kama mvua ya mbali.

Mara ya pili ya wimbo, bibi mmoja wa mbele akaanza kuitikia kwa mguno, mdomo umefungwa. Jirani yake akamfuata. Nyuma, wafugaji wakatia sauti nzito ya kooni. Mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa ndani.

Kwetu, mwenye kuanzisha wimbo hauachi mpaka waitikiaji wamwachie. Nililelewa hivyo, ngomani na misibani. Lakini hesabu yangu ilikuwa imefika, na mtunzi alikuwa masikioni mwangu. Nikachepuka.

Miguno ikakatika. Mikono yangu ikaganda, pakawa kimya.

"Mbona umetuacha, mwanangu?" bibi yule aliuliza, kwa upole, kama ananiuliza nimeweka wapi chumvi.

Mzee Mhina hakunitazama. Alibaki kwenye sauti moja ya chini, akiirudia, kama anayenishikia mlango. Nikarudi mwanzo wa wimbo. Wakaitikia. Tukauzungusha, sijui mara ngapi, kivuli cha dirisha kikisogea sakafuni, hadi wao wenyewe walipoushusha. Uzururaji wangu sikuupiga kamwe.

Nilimsihi Kiongozi turekodi upya. Aliituma rekodi ile vilevile ilivyo.

Jibu lilipokuja alitusomea akiwa amesimama. "Mwanzoni sikuutambua. Ulikuwa safi mno. Kisha nikasikia mama mmoja akiongea, na baada yake niliwasikia watu wa meza ya bibi yangu. Huyo mama amesema nini?"

Kiongozi akamtafsiria. Mtunzi akajibu: "Bibi yangu angesema hivyohivyo. Utoeni. Msimfute."

Nilikwenda nyuma ya ukumbi wetu wa mazoezi, nikalia. Kwa furaha, na kwa aibu pia, maana kosa langu sasa lingesikika daima.

Watu hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu kabla hata ya kuolewa. Mishipa ya mikono imechoka kwa mazoezi niliyoyazidisha, na daktari amenikataza kinanda. Nyinyi mnaojifundisha wenyewe kama mimi, pumzisheni mikono. Kuleni kwanza.

Nimerudi Magoma. Mama huucheza wimbo ule kwenye simu yake, na ameushika. Jana alikuwa akipukuchua mahindi uani huku akiuguna. Alipofika pale nilipowaacha watu, alinyamaza, mikono ikatulia juu ya gunzi, kimya kilekile, urefu uleule. Kisha akaendelea.

Nilitaka kumwambia kwamba pale niliharibu. Lakini yeye hajui wimbo huo bila kimya hicho. Nikachukua hindi moja, nikaketi, nikamwitikia.