Tarehe kwenye Ukingo wa Kisima

Shemeji yangu Okito amechimba visima ishirini na vitatu upande wetu wa Alunguli, na mimi ndiye niliyemshikia kamba katika vyote isipokuwa viwili. Nitavieleza vyote viwili. Watu wakimtania kwa ile methali ya mchimba kisima huingia mwenyewe, hujibu bila kucheka, "Sasa munataka aingie nani?" Ni mtu mfupi, mkavu, mgumu wa maneno. Kazini ana sheria moja, na dada yangu Clémentine, mkewe, huirudia hata akiwa jikoni: hakuna pete, hakuna kushuka.

Pete ni zile za saruji tunazoshusha kisimani moja juu ya nyingine ili kuta zisianguke. Udongo wa kwetu ni mnafiki. Mita nne za kwanza ni mwekundu, umeshikamana, unaweza hata kuusifu. Halafu unafika kwenye mchanga, na mchanga hauna urafiki na mtu.

Sheria hiyo aliipata vitani. Mwaka 2002 mji ulizingirwa, risasi zikawa zinavuka mto, na aliyeshuka Lualaba na bidoni ya kuchotea maji hakuwa na uhakika wa kurudi. Okito na mdogo wake Michel wakaanza kuchimba nyuma ya nyumba. Saruji haikuwepo. Michel alikuwa chini, Okito juu na kamba. Walipofika mita sita mchanga ukashuka wote kwa mara moja. Okito akavuta, ndoo ikaja tupu.

Alipokwenda kutoa habari, mtu mwenye bunduki aliyekalia ofisi siku zile alimuuliza nani alimpa ruhusa ya kuchimba. Hakuna karatasi, basi hakuna kisima. Hakuna kisima, basi hakuna mtu aliyefia kisimani. Jina la Michel halikuandikwa popote. Tangu hapo, kila anapomaliza kisima, Okito huchukua msumari na kuandika kwenye saruji mbichi ya ukingo tarehe ya kuanza na majina ya wote walioshuka. Wateja wengine huona ni majivuno. Shauri yao.

Sasa nije kwa Gérard. Alivuka mto kutoka Kasuku mwaka jana, mwezi wa nane, shati limepigwa pasi, kabrasha la plastiki kwapani. Shirika lake lilitaka kisima kwenye kituo chetu cha afya, ambako wanawake walikuwa wanazalia kwa maji ya mtoni.

"Papa Okito, kontra iko kwa mukubwa, Kinshasa," alisema, akimaanisha mkataba. "Inabaki siniatire tu, atie sahihi. Anza kazi."

"Na pete?"

"Pete ziko tayari kule Kasuku. Lakini haziwezi kutoka kwa depo bila kontra. Ni wiki moja tu, papa."

Nilimwambia Okito angoje. Lakini kuna jambo wasilolijua watu wa kabrasha: kisima huchimbwa mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamekwenda chini kabisa. Ukichimba baada ya mvua utayapata mapema, utapigiwa makofi, na mwaka unaofuata kisima kitakauka na wanawake watamtukana mama yako. Mvua za mwezi wa tisa zilikuwa njiani. Kungoja karatasi kulikuwa na maana ya kungoja mwaka mzima. Joëlle, muuguzi wa kituo, alisimama tu mlangoni na ndoo ya maji ya tope, akatuonyesha.

"Shemeji," Okito aliniambia, "tutachimba huu mwekundu tu. Tukifika kwa muchanga, tunasimama."

Clémentine hakusema naye siku mbili. Mimi nilikasirika, nikachukua kamba.

Tulianza tarehe kumi na tisa Agosti. Wiki ya Gérard ikapita, ya pili ikapita. Nilivuka mto mara mbili kwenda kumuuliza, na mara zote mbili alinipa kiti na neno moja, "Kesho." Kwenye mita tano mchanga ukatokea, Okito akapanda juu, akakaa. Siku nne tulilichungulia lile shimo.

Tarehe tatu Septemba, asubuhi, mawingu yakajikusanya upande wa Lokandu. Mvua ikinyesha kwenye shimo tupu, kuta zinaanguka na kazi yote inapotea. Okito akachukua mbao mbili.

"Unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Kufunga ukuta. Ni dakika kumi."

"Na sheria?"

"Sheria ni yangu," akasema, akashuka.

Matone ya kwanza yaliniangukia shingoni. Nilimwita apande, akasema bado ubao mmoja. Kisha nikasikia sauti. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama mtu anamimina mchele kwenye ungo, polepole, na haachi.

"Vuta!" Okito akapiga kelele.

Nikavuta kwa nguvu zote, naye akalia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho. "Acha! Muguu! Muguu uko chini ya ubao!"

Nilichungulia. Mchanga ulikuwa umemfika kifuani, mikono iko juu, na kila matone yalipozidi ukuta ulimmiminia tena. Nikimvuta ninamkata mguu. Nikimwacha anafukiwa. Nikapiga kelele mtaa mzima usikie.

Aliyefika wa kwanza ni Mama Josiane, jirani anayepika mawese. Alitazama chini mara moja, akageuka akakimbia, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ameogopa. Alirudi na wanawake watatu wamebeba pipa lake la chuma, lile kuukuu lililooza chini na juu likabaki wazi pande zote mbili, analozungushia moto usipigwe na upepo. Lilikuwa bado la moto; walilishika kwa vitenge vyao. Tukalifunga kamba tukalishusha juu ya kichwa cha Okito, akabana mabega, likapita, likamzunguka. Mchanga ukaanza kupiga chuma kwa nje.

"Shemeji, uko?" akauliza kutoka mule ndani.

"Niko."

Tukamteremshia sahani na ndoo ndogo. Akaanza kujichota mwenyewe, sahani kwa sahani, nami nikavuta ndoo baada ya ndoo huku mvua ikitupiga. Kila baada ya muda aliuliza, "Shemeji, uko?" nami nikajibu niko. Nafikiri mule chini hakuwa ananisemesha mimi peke yangu. Ilipita zaidi ya saa moja ndipo ubao ukaachia, tukamtoa, mguu umevunjika chini ya goti. Hatujamfikisha barazani shimo likajifunga nyuma yetu, pamoja na pipa la Mama Josiane.

Siku ya tano Gérard akaja na karatasi. Sasa ilikuwa na sahihi na muhuri, nzuri kabisa. Okito alikuwa kitandani kituoni, mguu umefungwa kwa vipande vya ubao. Nikasoma mimi: kazi itaanza tarehe kumi na tano Septemba.

"Ile siku, papa, haukukuwa mufanyakazi wetu bado," Gérard akasema, sauti imeshuka. "Kwa hiyo ni muzuri tuseme ulianguka na pikipiki. Muuguzi aandike vile."

Joëlle akafunga daftari lake, akalikalia. Mimi nikasimama, na kama Clémentine asingenishika shati, leo Gérard angekuwa na meno machache.

"Na nikikataa?" Okito akauliza.

"Pete zitaenda Tunda. Kule pia wanazingoja."

Okito akatazama dirishani. Nje wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtoni na mabidoni kichwani. Akaomba kalamu, akatia sahihi. Siku ile nilimchukia shemeji yangu, na nilimwambia.

"Hasira yako ni ya haki," akasema. "Lakini haichoteki."

Pete zikavushwa. Tukafungua shimo jipya hatua kumi kutoka lile, upesi, mvua zikiwa bado changa. Aliyeshuka nilikuwa mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikiwa na pete kunizunguka tangu mita ya kwanza, na bado nilizipapasa kila mara. Okito alikaa ukingoni kwenye kiti, mguu umenyooshwa, vijana wawili wanavuta kamba kwa amri yake. Zamu hii aliyekuwa akiuliza kutoka chini ni mimi, na yeye akijibu, "Niko." Maji tuliyapata mita ya tisa.

Siku ya mwisho Gérard alikuja na simu yake ya kupigia picha. Saruji ya ukingo ilikuwa mbichi. Okito akaja na fimbo, akainama kwa shida, akatoa msumari.

"Papa, uandike kumi na tano Septemba," Gérard akasema. "Hiyo njo tarehe iko kwa kontra."

Okito akaandika: 19 Agosti. Chini yake akaandika jina lake, kisha langu. Nikadhani amemaliza. Akavuta pumzi, akaongeza: Michel, 2002.

"Michel ni nani?" Gérard akauliza. "Kwa liste yangu hakuna Michel."

"Najua," Okito akasema. "Hayuko kwa liste ya mutu."

Gérard akasogea na kijiti, kana kwamba anataka kusawazisha saruji. Mama Josiane akatua bidoni yake kati yake na ukingo. Clémentine akatua yake kando ya ile, na wengine wakafuata. Gérard akapiga picha yake kutoka upande wa pili. Mimi nilikaa palepale juani, msumari wa Okito mkononi, mpaka saruji ikakauka.