Rubani na Kompyuta ya Maji

Alifundisha hisabati mpaka chaki ikamkaa kwenye mistari ya viganja, kisha akastaafu na kuwa rubani. Ndege zake zilikuwa za kwenye kompyuta tu, maana zile za kweli alikuwa anaziogopa kama ukoma. Lakini mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi naye, alimbandika jina hilo la Rubani na likaganda.

Kila alasiri alivaa miwani, akakaza mkanda wa gauni uwe mkanda wa usalama, akapaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ikipata moto, feni yake ilivuma hadi vijiko vikatetemeka kabatini, na kila ndege ilipokaribia kutua, pu! Kioo cheusi.

"Dada, umeua tena?" mdogo wake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Sijaua mimi. Limeua joto."

Siku kompyuta ilipozima huku uwanja wa ndege ukionekana kabisa, Rubani alikata shauri. Angeunda kompyuta mpya kwa mikono yake mwenyewe, na angeipoza kwa maji, kama injini ya gari.

Mdogo wake alidondosha mkasi. "Maji? Wewe uliyeninunia wiki nzima kwa kuweka kikombe cha chai kwenye meza hiyo?"

"Haya yatapita ndani ya mirija."

"Na chai ilikuwa ndani ya kikombe."

Rubani hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alisoma mtandaoni mpaka macho yakamwasha, kisha akakata boksi la viatu na kuunda radieta ya karatasi yenye vipimo vilevile vya ile aliyoitamani. Akaikumbatia hadi duka la kompyuta. Mdogo wake akamfuata, eti anakwenda kusimamia rangi.

Muuzaji, baba mwenye kitambi na sauti ya mtangazaji wa mpira, aliwakunjulia uso. "Karibuni, mama zangu! Ya mjukuu?"

"Ya kwangu," alisema Rubani. "Nina abiria."

Baba yule akaona bora asiulize zaidi. Walianza na prosesa, kwa kuwa joto jingi linatoka huko, kisha kibamba cha shaba cha kuilalia juu, na Rubani akahakikisha matundu ya skrubu yanaoana na bodi. Ilipofika zamu ya pampu, aliomba iwashwe, akaitegea sikio. Ilikoroma kama marehemu mumewe.

"Hiyo hapana," alisema. "Mikoromo niliivumilia ya kutosha."

Akaletewa nyingine, kimya kama paka. Kwenye mirija, muuzaji alieleza kwamba ile migumu inapendeza lakini lazima ikunjwe kwa moto, ilhali ile laini inakatwa kwa mkasi tu.

"Mkasi ninao," alidakia mdogo mtu. "Na maji yawe ya zambarau, yafanane na mapazia."

"Mama, maji ya rangi huacha mashapo. Mwishowe yanaweza kuziba."

Mdogo mtu alinuna, midomo ikatangulia mbele. Dada yake alijua nuno lile lingefika hadi nyumbani, likale nao na kulala nao. Wakapatana: maji yawe meupe, mirija ndiyo iwe ya zambarau.

Lililobaki ni kasha. Rubani aliingiza radieta yake ya karatasi katika kasha moja baada ya jingine, wateja wakimkodolea macho, hadi likapatikana moja ambamo ilikaa sawasawa chini ya dari ya kasha. Alitoka dukani kifua mbele.

Nyumbani, radieta ya kweli nayo ilikaa sawasawa. Kisha akaifungia feni zake, nazo zikagonga vibao vya kumbukumbu vilivyosimama kwenye bodi, kasha likagoma kufungwa. Ile ya karatasi haikuwa na feni.

"Umepima gauni ukasahau mabega," alisema mdogo wake, akacheka hadi akakaa chini.

Rubani aling'oa rafu ya mbele ya kasha ambayo hakuwa na kazi nayo, radieta akaisimamisha hapo. Ikakubali, ingawa mrija mmoja ulilazimika kuzunguka kama mtu anayekwepa mdai wake.

Kabla ya kuwasha umeme wa kompyuta nzima, waliwasha pampu peke yake na kutandaza karatasi laini chini ya kila kiungo, wakiona tone wajue. Maji yalizunguka, roho zao mkononi. Mara Rubani akapiga yowe: karatasi moja imelowa! Alizima, akakaza kila kilichokazika, akafuta, akawasha. Karatasi ikalowa tena.

Alipoinua macho, alimwona mdogo wake ameinama juu ya kasha, ametoka kuosha vyombo, mikono inachuruzika.

"Nenda kajifute!"

"Mbona hukusema?"

Hatimaye kompyuta iliwaka. Haikuvuma hata kidogo. Mdogo mtu aliburuta kiti, akakaa nyuma kama abiria na mkoba mapajani. Walipaa, wakavuka milima, na uwanja ukatokea. Rubani alikunja uso akingoja kile kiza alichokizoea. Kioo kiliendelea kung'aa. Uwanja ukazidi kukua. Hapo ndipo jasho lilipomtoka, kwa kuwa aligundua jambo ambalo joto lilimsitiri nalo miaka yote: hakuwa anajua kutua.

Ndege iliuruka uwanja, ikaruka na uzio, ikaingia ziwani kwa heshima zote.

"Hongera," alisema abiria, akifunga mkoba. "Hata ndege umeipoza kwa maji."

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi Rubani alimpigia muuzaji simu.

"Mama yangu! Imevuja?"

"Haijavuja. Nauliza, baba, magurudumu yanashushwa wakati gani?"

"Mama, mimi huwa nauza tu."